Nilienda kucheka na mama mkwe wa binti yangu, nikarudi na hasira

Mimi si mtu wa kuandika-andika, lakini hii kitu imenikaa kooni na nisipoitoa sitalala vizuri. Wadada wawili wa kwaya waliniuliza kama ile filamu ya Wafaransa na wakwe zao inafaa kuangaliwa na familia. Wa kwanza nikamwambia enda, beba hata bibi yako. Wa pili, siku chache baadaye, nikamwambia usithubutu. Wote wawili niliwaambia kile nilichokuwa nasikia moyoni siku ile, kwa hiyo bora niseme yote hapa kila mtu ajiamulie.

Filamu ni Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu ?, yaani jamani tumemkosea Mungu nini. Ni ya 2014, lakini hapa Lubumbashi filamu haizeeki, inazunguka tu kwenye flashi, mtu anampa mtu. Binti yangu ndo alileta wazo. Tulikuwa tumeshapokea wakwe mara ya kwanza, doti, yaani mahari, bado. Kijana ni wa Kasai, upande mwingine wa Congo yetu. Sisi ni watu wa Katanga huku, Wabemba kwa mama yangu, Wasanga kwa baba, na ile siku ya kujuana ilikuwa baridi mpaka nikaona aibu. Nilipika sufuria mbili, bukari yetu, yaani ugali, ya mahindi matupu na nshima yao ya kuchanganya na unga wa muhogo, nikidhani ni heshima, kumbe nilijenga mpaka katikati ya meza, kila upande ulikula sufuria yake na hakuna aliyenyoosha mkono ng'ambo. Jioni binti akaniambia mama, kuna filamu iko kama sisi kabisa, twende wamama wote tuangalie. Bwana yangu akakataa. Tukaenda wanne: mimi, binti, mama ya kijana ambaye sote tunamwita Mamu, na mama yangu mzazi ambaye Kifaransa chake ni cha salamu tu.

Hadithi wengi mnaijua. Mzee mmoja wa Ufaransa, notaire, yule wa kuandika hati za mali, Mkatoliki wa zamani, ana nyumba kubwa na mabinti wanne. Watatu wameshaolewa na wote watatu wamemvunja moyo, mmoja na Mwarabu, mmoja na Myahudi, mmoja na Mchina. Anabaki na tumaini la yule wa nne. Binti wa nne anasema mchumba wangu ni Mkatoliki, anaitwa Charles. Wazazi wanafurahi sana, mpaka Charles anatokea na ni mweusi, Mkodivaa, mtu wa Ivory Coast.

Ufaransa peke yake watu zaidi ya milioni 12 walienda sinema kuiona, na bado wengine waliichukia wakisema inafanya ubaguzi uonekane kitu kitamu cha kuchekea mezani, na wakati ule iliandikwa kwamba wasambazaji wa Marekani na Uingereza waliogopa kuichukua. Mimi kabla ya kwenda nilisema hao wanajikweza, utani ni utani. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe na binti ni shahidi.

Basi tukaingia kwenye sale moja, ukumbi wa video, sitataja jina wala mtaa. Faranga elfu tatu kila mtu, viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani, projekta juu ya meza. Na nakiri kwamba saa ya kwanza ilikuwa nzuri kupita nilivyotegemea. Ile sehemu ya Noeli ndo ilinishika. Mama wa nyumba anataka kuwapendeza wakwe wote, anaandaa dindoni tatu, yaani batamzinga, moja halali, moja ya Kiyahudi, moja ya Kichina, na wale vijana wanaimba wimbo wa taifa la Ufaransa mkono kifuani kuliko Mfaransa mwenyewe. Nilipoona zile dindoni nikageuka kumwangalia Mamu, na yeye alikuwa ameshageuka kuniangalia mimi. Hatukusema kitu. Zile sufuria zangu mbili zilikuwa pale katikati yetu. Akaanza kucheka, mabega yakatetemeka, na mimi nikacheka mpaka machozi, huku namtafsiria mama yangu sikioni, nashindwa hata kumweleza notaire ni nini, nikamwambia ni ule mtu wa karatasi za shamba, akasema ah, hao wote ndo vile.

Kitu kingine kilichonigusa ni wale wakwe watatu. Wao wenyewe walikataliwa, wanajua uchungu wa kukataliwa, lakini anapofika mweusi wanakuwa wa kwanza kupanga namna ya kumtoa. Hapo sale nzima iliguna. Sisi watu wa Katanga tunaijua hiyo, yule aliyefika jana ndo anamfungia mlango wa leo.

Halafu akatokea baba ya Charles, mzee Koffi, mwanajeshi wa zamani, mkali kuliko mzungu mwenyewe, na yeye hataki harusi. Anayemcheza anaitwa Pascal Nzonzi, na kwa Bakongo nzonzi ni yule msemaji mnayemsimamisha kwenye kesi na kwenye mambo ya ndoa, sasa hapa nzonzi mwenyewe ndo anakataa ndoa. Mamu alifurahi sana na huyu mzee. Alikuwa anampiga mama yangu paja, angalia, angalia uso wake.

Na hapo hapo kuran, yaani umeme, ikakatika.

Sawa, kuran inakatika, tumezoea. Hapo sina neno. Jenereta ilikuwepo nje, nimeiona wakati wa kuingia, imefungwa mnyororo kwenye dirisha. Tukakaa gizani, watu wakawasha tochi za simu, watoto wanalia, joto. Baada ya muda mrefu yule kijana wa mlangoni, ndo huyo huyo anapokea pesa na ndo huyo huyo anawasha projekta, akasema mafuta hakuna, filamu imeisha. Imeisha wapi? Tulikuwa nusu tu! Watu wakaanza kunung'unika lakini hakuna aliyesimama. Aliyesimama ni Mamu. Akaenda mlangoni polepole, akamwambia kwa adabu kabisa, mwanangu, tumelipa filamu nzima tumeona nusu, rudishia watu nusu ya pesa yao, au tuambie kesho turudi saa ngapi. Ni hilo tu. Hakupandisha sauti.

Lakini Mamu akiongea Kiswahili unasikia Tshiluba, lugha ya Kasai, yote mle ndani. Yule kijana akamsikiliza, akamwangalia juu mpaka chini kwa ile tochi yake, akageukia watu akasema: « Nilijua tu. Ba Kasai, hata mu giza banahesabuka makuta! »

Yaani watu wa Kasai, hata gizani wanahesabu pesa. Na watu wakacheka.

Sikilizeni vizuri juu hapa ndo nataka kufika. Kilikuwa kicheko kilekile. Watu walewale, viti vilevile, ile sauti waliyomchekea notaire kabla ya giza ndo hiyo hiyo walimchekea Mamu. Na mimi, mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kufunguka. Nilikuwa bado na kicheko cha filamu mwilini na kilitaka kutoka chenyewe, nikakishika kwenye meno. Sijui kama Mamu aliona, kwa lile giza. Naomba Mungu hakuona.

Mimi nimekulia Likasi. 1992 nilikuwa shule ya msingi, na mwaka ule watu wa Kasai walianza kuitwa bilulu, wadudu. Neno lilianza kama mzaha. Lilikuwa na wimbo, watoto tuliuimba tukiruka kamba, na mimi niliuimba, hakuna aliyetukataza, wakubwa walikuwa wanacheka. Miezi michache baadaye jirani zetu wakatolewa kwenye nyumba zao na watu waliokuwa wanacheka nao. Walienda kulala kwenye gare, stesheni ya treni, maelfu, na vyungu na magodoro, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawajawahi hata kukanyaga, juu walizaliwa hapa, baba zao walikuja hapa kufanya kazi ya migodi na ya reli. Wengi walifia pale wakingoja. Mama yangu alikuwa ananituma usiku na bukari iliyofungwa kwenye kitenge, nipite nyuma ya reli, nimpe rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa benchi moja darasani. Mara ya tatu nilienda sikumkuta. Ile bukari nilirudi nayo ikiwa bado ya moto mgongoni.

Kwa hiyo kijana wa mlangoni usiniambie nilikuwa natania tu mama.

Pesa hatukurudishiwa hata faranga moja. Binti alitaka kupigana, nikamvuta. Mamu hakujibu kitu, alirudi mpaka kwenye viti akamshika mama yangu mkono juu macho ya mama hayaoni vizuri gizani, wakatoka hivyo wawili, wakatangulia mpaka barabarani bila kutungoja. Kwenye teksi mama yangu akauliza, ule mtoto wa mlangoni amezaliwa mwaka gani? Nikamwambia hata miaka 25 sidhani. Akanyamaza mpaka nyumbani.

Siku ile kama mngeniuliza ningesema filamu ni mbaya, ichomwe. Na hasira ilinipa sababu nzuri tu, nyingine bado naziona ni za kweli. Notaire anatukana watu kwenye bustani yake, na divai nzuri, na mwisho kila mtu anarudi nyumbani kwake. Hakuna anayelala gare. Kwao utani unaishia mezani, ndo maana wanaweza kuurusha hivyo kama mpira. Hapa kwetu tunajua unaweza kutoka mezani ukafika barabarani. Halafu Mchina wanamchekea bila hata kumpa nafasi ya kuonekana mtu, na wanawake wote mle ndani, mama wa kizungu na mama wa Kiafrika, kazi yao ni kulia na kupatanisha wanaume. Hiyo ilinichoma pia juu ndo kazi niliyokuwa naifanya mimi na Mamu.

Nikakaa hivyo wiki kama mbili, simu kwa Mamu naogopa kupiga. Mwisho akapiga yeye. Akasema, mama, ile filamu yetu mtaniletea lini, nataka kujua kama ule mzee alikubali. Yaani hakutaja mlango, hakutaja kijana, alitaka kujua kama mzee Koffi alikubali!

Nikaenda na flashi, na mama yangu. Tukaangalia kwenye televisheni yake ndogo, tukianzia pale pale tulipokatwa. Na jamani, nusu tuliyonyimwa ndo yenyewe filamu. Wazee wawili wanapelekana kuvua samaki wakiwa hawawezi kuvumiliana, halafu polepole wanagundua wana ubaya mmoja, wote wawili hawataki wageni, wote wawili wanaogopa kumpoteza mtoto, basi wanalewa pamoja mpaka polisi wanawafungia. Sasa mtu aliyeona ile nusu ya kwanza tu, ambayo watu wanachekwa kabila kwa kabila, akatoka nje na kicheko hicho bila kuona hao wazee wakiaibishwa na maneno yao wenyewe, ameona filamu gani? Kwa hiyo namrudishia filamu haki yake. Nusu haki, tuseme. Nakaa na hao waliosema ni nyepesi mno, sitatoka hapo, lakini ichomwe hapana.

Mamu aliirudisha ile sehemu ya kuvua samaki mara mbili. Akasema bwana yake marehemu alikuwa hivyo hivyo, kaka yake alipooa mwanamke wa Katanga alikaa mwaka mzima bila kumsalimu, halafu mtoto wa kwanza alipozaliwa hakuna aliyembeba kumpita. Mama yangu akamwuliza, na wewe kijana wako alipotuleta sisi ulisemaje? Mamu akasema, nililia siku mbili. Mama yangu akasema, mimi siku moja. Hapo nilikuwa nimeshika rimoti, sikujua niangalie wapi.

Kwa hiyo anayeniuliza kama inafaa, namwambia angalia, lakini angalia nyumbani, na wale watu inaowahusu, na uimalize yote siku moja. Ukiwa na hao wa kucheka tu, acha. Na kama kwenye familia kuna mtu aliyepita kwenye gare za Likasi au Kolwezi miaka ile, muulize kwanza, usimbebe kama nilivyombeba Mamu, nilikuwa hata sijamuuliza ukoo wake walikuwa wapi 1993. Mpaka leo sijamuuliza, nitamuuliza baada ya doti.

Doti ni mwezi ujao, bado tunabishana idadi ya mbuzi, na tunabishana kwa sauti, sio kama ile siku ya sufuria mbili. Flashi iko kwangu, anayetaka aje na yake nimwekee. Kwenye ile sale mimi sikanyagi tena, hata waweke jenereta tano.