Bujora na Kageye kwa siku moja, poa ila wanakimbiza
Hii tripu nawapa nyota nne. Asubuhi mnatoka Mwanza mjini mpaka Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma aliyoanzisha Padri David Clement, na muongozaji anaijua kazi yake aisee, kile kibanda cha ngoma za watemi kimejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ukizisogelea ngoma unaona ngozi zimekakamaa kama mbao. Kageye, kule yule mpelelezi Mzungu Stanley alikofikia ziwani mwaka 1875, tumepitishwa chapchap kisa dereva anawahi lanchi 😅 Sato freshi kabisa, ila waini ya Dodoma imeletwa ya moto jamani, barafu hakuna! Haisi nayo AC yake dirisha. Bei sio mbaya, uliza kwanza kama viingilio vimo humohumo.