Gereji inayomjibu mwanangu kwa swali nililouliza mimi

Kama wewe ni mwanamke mtu mzima, unaishi huku kwetu kaskazini mwa Texas na gari lako unalipeleka gereji mwenyewe, soma haya kabla hujawapa watu funguo. Jina la gereji silitaji. Si kwamba nawaonea haya. Tabia yenyewe nimeikuta kwingine pia, ila hapa ndipo iliponiuma zaidi, na nusura iniharibie siku niliyoitamani tangu usichana wangu Mombasa.

Gari ni Mazda Miata ya zamani, kile kigari cha michezo cha viti viwili, nililolinunua kwa muuguzi mwenzangu. Sifa zake mtazisoma popote, sitawachosha. Nililitaka kwa ajili ya otokrosi. Huku Marekani otokrosi huchezwa kwenye eneo kubwa la lami, mara nyingi maegesho ya uwanja wa michezo au kiwanja cha ndege kisichotumika. Hupangwa koni, njia ikapindapinda katikati yake, na kila dereva huingia kwa zamu kushindana na saa. Duru moja ni kama dakika moja hivi. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2, na ukipotea njia duru hiyo haihesabiwi. Chama cha Sports Car Club of America, kilichoanzishwa 1944, kinaandaa mashindano haya nchi nzima na kinawapokea wanaoanza kwa mikono miwili. Huhitaji gari la mashindano. Hata lile la kwendea kazini linakubaliwa, mradi lipite ukaguzi asubuhi ile. Na ni kwenye ukaguzi ndipo nilipokaribia kulia mbele za watu.

Mwanangu aliniuliza, mama, kwa nini sasa? Nilimjibu hivi. Nakaribia kustaafu, na kwa muda mrefu meza yangu ya jikoni imejaa karatasi za mahali pa kwenda. Social Security, yaani pensheni ya serikali ya Marekani, ukiichukua na miaka 62, sisi tuliozaliwa 1960 na baadaye tunakatwa asilimia 30. Ya kamili unaipata ukifika miaka 67, na ukisubiri hadi 70 kila mwaka wa kungoja unakuongezea asilimia 8. Florida niliiondoa mapema kwa sababu ya vimbunga na bima za nyumba. Tucson, Arizona, naipenda kwa ule ukavu wake, magoti yangu yanapumua kule, na jimbo halitozi kodi kwenye Social Security. Nikibaki Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya nyumba inauma hasa. Halafu kuna nyumbani. Familia ina kiwanja Kilifi, na uraia si kikwazo tena, maana katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili. Kinachonikosesha usingizi ni hospitali. Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani niliyokatwa kwenye mshahara miaka yote hii hainilipii nikitibiwa Kenya, na kuhusu SHA, bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kila ndugu ninayempigia simu ananipa habari yake.

Nikaona nikichagua mji kabla ya kujua nitaishi humo nikifanya nini, nitakuwa nimechagua mahali pa kukaa tu na kungoja. Na mimi ninalo jambo nililoliahirisha miaka yote ya zamu za usiku. Pasaka ya 1983, Michèle Mouton, dereva Mfaransa, alimaliza Safari Rally akiwa wa tatu ndani ya Audi Quattro. Nyumbani tulikuwa tumekusanyika kwenye redio, kaka zangu wakimshangilia Vatanen aliyeshinda, na mimi nikawa simsikii mwingine ila yule mwanamke. Kwa hiyo nikanunua gari.

Sasa gereji. Nilihitaji mambo matatu: alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu yote manne, breki zikaguliwe, na betri ibadilishwe kwa sababu ya zamani ilikuwa imechoka. Mwanangu alikuja nami ili anirudishe nyumbani, basi. Nilifika kaunta, nikasalimia, nikaeleza kwa utaratibu. Nikamwambia yule bwana kwamba kwenye Miata za vizazi viwili vya mwanzo betri haiko mbele, iko kwenye buti, upande wa kulia. Kwa hiyo lazima iwe betri yenye matundu ya kutolea gesi, vile vipira vyake vya kupeleka gesi nje virudishwe mahali pake, na chuma cha kuibana kifungwe. Nikauliza, je, mnayo ya aina hiyo?

Akamtazama mwanangu. Akamwambia, "Hili analiendesha kwenda dukani tu, siyo?"

Mwanangu akasema, "Gari ni lake, muulize yeye."

Yule bwana akatabasamu, macho bado kwa mwanangu. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Tutamshughulikia."

Mwambie mama! Nimesimama hapo, kati yetu kuna kaunta tu, na kadi ya benki iliyo mkononi ni yangu. Nikarudia swali la betri, polepole, maana huenda ni lafudhi. Akamjibu mwanangu tena, kwamba betri ni betri. Nilipotaja otokrosi ndipo akacheka waziwazi, akamwambia mwanangu kwamba wa umri wangu wenzangu huwa wanatafuta mahali pazuri pa kupumzikia.

Sijui kama ni mtandio, ni umri, ni lafudhi, au vyote. Najua kwamba nimefanya kazi wodini zaidi ya nusu ya maisha yangu, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kumsemesha mgonjwa, si aliyemsindikiza. Hata awe amelala na mashine inampumulia, ukiingia chumbani unamwita kwa jina lake, unamwambia unachotaka kumfanyia. Yule bwana alishindwa kunipa mimi mzima, niliyesimama kwa miguu yangu na kumlipa, heshima ninayompa mtu aliyezimia.

Mtauliza kwa nini sikuchukua funguo nikaondoka. Gereji nyingine zote zilikuwa na foleni na mashindano yalikuwa yamekaribia. Nikalipa. Nilipolifuata gari jioni hakukuwa na maelezo yoyote, ila risiti imeandikwa kazi yote imekamilika.

Siku ya mashindano niliamka kabla ya alfajiri, nikaswali, nikaondoka. Ukifika unatoa kila kitu ndani ya gari: mazulia, chupa ya maji, hata kalamu iliyobaki mlangoni, kwa sababu kwenye kona chochote kinachoelea kinaweza kuingia chini ya pedali. Unabandika namba yako mlangoni. Halafu unapanga foleni ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mtu mzima mwenye kofia ya jua. Alinisalimia, akauliza kama ni mara yangu ya kwanza. Akashika kila gurudumu juu na chini akalitikisa, akapapasa nati, akaniambia nikanyage breki nikae nimekanyaga. Safi. Akafungua buti, akaweka kiganja kwenye betri, akaisukuma.

Ikaenda.

Betri nzima, mzigo mzito wenye asidi, iliteleza ikagonga ukuta wa buti. Haikuwa imebanwa na kitu chochote. Vile vipira viwili vilikuwa vinaning'inia pembeni, havikuunganishwa. Mkaguzi alinigeukia mimi, akanitazama usoni, akanieleza pole pole ninachokijua tayari: betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, vipira ndivyo vinavyoitoa gesi hiyo nje chini ya gari, na bila hivyo inakusanyika ndani ya buti, ikingoja cheche. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawezi kutia sahihi.

Mikono ilinitetemeka. Si kwa ajili ya mchezo. Nilikuwa nimeliendesha gari hilo kwenye barabara kuu, kasi ya barabara kuu, nikiamini risiti. Ningegongwa nyuma je? Na kila nilichokuwa nimemuuliza yule bwana ndicho hasa kilichokuwa kimeachwa. Swali langu lilikuwa na jibu fupi, na angenijibu mimi ningejua hapo hapo kaunta kama wanaijua kazi yao au hawaijui.

Wenzangu wa foleni hawakuniacha. Msichana mmoja wa gari la nyuma alikuja na spana namba 10, akainua zulia la buti, na chuma cha kubania kilikuwa humo humo, pamoja na nati zake. Fundi alikitoa, akakiweka chini, akafunika zulia juu yake. Tulikifunga, vipira tukavisukuma kwenye matundu yake, mkaguzi akaisukuma betri tena kwa nguvu, haikutikisika. Akabandika karatasi ya kupita.

Sasa niseme na ya haki, maana sitaki kumdhulumu mtu. Betri yenyewe ilikuwa ya aina sahihi, ina matundu yake. Maana yake yuko mtu huko ndani aliyeelewa gari hili linataka nini. Na alaimenti, wallahi, sijawahi kuona. Tulitembea njia kwa miguu kwanza, nikihesabu koni. Helmeti ya kuazima ilikaa vizuri juu ya mtandio wa pamba niliouvaa kwa kuubana. Mwalimu wa wanaoanza akakaa kando yangu, akaniambia jambo moja tu, nisiitazame koni iliyo mbele ya boneti, nitazame ile ya baada yake na ya baada yake. Bendera ikashuka.

Gari lilikwenda pale macho yangu yalipokwenda. Gia ya pili, usukani mwepesi, kona ya kushoto, kulia, kushoto, na gari halikuvuta upande wowote. Nilipokanyaga breki mwisho wa njia lilisimama wima bila kupepesuka. Nilipaka chaki kwenye ukingo wa tairi kama nilivyoelekezwa, ili nione tairi linalalia hadi wapi, na alama ilifutika sawasawa kushoto na kulia. Aliyeshika mashine ya alaimenti ni fundi wa kweli. Duru zangu za mwanzo niliangusha koni, za baadaye sikuangusha, na muda ukashuka kila nilipoingia. Zamu yangu ya kusimama uwanjani kusimamisha koni zilizoangushwa na wengine ilipofika, nilizikimbilia kwa magoti haya haya ninayotaka kuyapeleka Arizona.

Jioni ile, kwa furaha ile, nilianza kuyaandika maoni haya nikiwa nimewapa nyota tatu. Nilijiambia kazi ya mikono ni nzuri, kosa ni la kaunta, na kaunta inafundishika. Kabla sijayatuma nikaona niwape nafasi. Nikawaandikia barua pepe ndefu, ya adabu, nikaambatanisha picha ya betri na chuma kilichokuwa chini ya zulia, nikaweka jina langu kamili na namba yangu ya simu. Niliwaomba wanipigie, na zaidi ya hapo niliwaomba wampigie kila mwenye Miata ya zamani waliyembadilishia betri, kwa sababu kama wameniachia mimi hivi wamewaachia na wengine.

Nikangoja. Wakati wa kungoja nikarudi kwenye karatasi zangu za mezani. Tucson lami ipo na mashindano yapo. Kenya otokrosi ni ya vumbi, upande wa Nairobi, gari lingine kabisa litahitajika, na kutoka Kilifi ni safari. Lakini nilikumbuka mafundi wa nyumbani. Fundi wa Mombasa anaweza kunipandishia bei, nitabishana naye, na wakati wote huo atakuwa ameniamkia shikamoo na anazungumza na mimi. Sikujua jambo hilo lina uzito kiasi hicho mpaka nilipolikosa. Kilifi imepanda kwenye orodha yangu, hospitali au bila hospitali. Hapana, hospitali lazima, hilo bado nalipima. Lakini imepanda.

Majibu yamekuja juzi. Gereji imeomba radhi. Imekiri betri haikufungwa, imeahidi kurudisha pesa za kazi hiyo na kulikagua gari upya bila malipo. Kuhusu wenye Miata wengine, hakuna neno. Maneno ya radhi ni mazuri, sina la kuyakosoa. Ila yametumwa kwa simu ya mwanangu. Alitoa namba yake siku ile ili wamjulishe saa ya kuja kunichukua, nao wakaona huyo ndiye mteja. Ujumbe unaanza kwa jina lake na unasema, "Tunasikitika kwa yaliyompata mama yako."

Nyota moja. Ni ya yule fundi wa alaimenti, na kama anasoma Kiswahili, ahsante sana, umefanya kazi safi. Gari silirudishi kwao kukaguliwa, nimeshapata kwingine. Pesa nazitaka. Namba yangu iko juu ya risiti, na jina lililoandikwa hapo ni la kwangu.