Nasari ya njiani Malindi: nilitaka matunda ya zambarau, nikauziwa duranta

Niseme mapema, miche yake ni mizuri, shida yangu ni mdomo wa muuzaji. Niliona kwa simu picha ya kichaka kinaitwa callicarpa, vitunda vya zambarau vimebanana kwenye tawi kama shanga za kiunoni, na huko kwao Marekani majani yakishapukutika vile vitunda vinabaki peke yake kwenye fito. Chini wameandika "huiva wakati wa vuli". Mie nkajua ni vuli hii yetu, mvua za Novemba, kumbe wazungu wanasema ule msimu wao wa majani kudondoka kabla ya baridi kali. Hilo kosa langu.

Basi nikaenda nasari moja barabara ya Lamu, nikamuonyesha yule bwana picha, hata hakuitazama vizuri, "Ndo hii hii mama, ikizaa utanipigia." Miche sita, mia mia, nkapakia kwa tuktuk.

Na imeshika kweli. Samadi ya mbuzi, maji ya kisima mnayajua yalivo na chumvi, kusi ikaipiga miezi yote ile na wapi, haikutingishika. Ikatoa maua ya samawati yana ukingo mweupe, asubuhi vipepeo wamejaa hapo. Halafu matunda yakaja... manjano! Kama matone ya samli, yamening'inia vishada vishada. Jirani akacheka mpaka akakaa chini, "Shoga, hii si duranta, mbona hata nyuma kwangu iko."

Ningenyamaza maana inapendeza jamani. Ila matunda ya duranta ni sumu kwa watoto, paka na mbwa pia, na huyu bwana hakunambia neno. Nimekuja kujua mwanangu wa miaka minne kashayajaza kwenye kifuu anapika pilau, anataka kuonja ati mbona ndege wanakula. Alhamdulillah nilimuwahi.

Nikamrudia. Akasema niwe naikatakata kama fensi, haitapata nafasi ya kutoa ua wala tunda. Ni kweli, lakini sasa si nimebaki na majani matupu? Kuona nimekunja uso akanipa mche wa asumini bure.

Nyota tatu. Huo wa asumini ushakauka.