Mashine ya presha niliyomnunulia mama

Mama yangu ana miaka 74, na presha ya kupanda anayo tangu 2011. Mwezi wa pili nilimnunulia mashine ya kupimia nyumbani, ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, inayotumia betri nne ndogo. Nililipa shilingi 95,000 katika duka la vifaa tiba hapa Dar es Salaam. Tunaitumia asubuhi na jioni, mwezi wa nane huu.

Mashine yenyewe naisifu. Namba ni kubwa, mama anazisoma bila miwani, na vipimo vya nyuma vinabaki humo humo. Niliibeba hadi kliniki, nesi akampima kwa ya kwao kisha kwa yetu, zikapishana kidogo sana.

Kilichotutesa ni maneno. Kwenye kioo imeandikwa SYS, DIA na PUL, na karatasi ya maelezo haina neno hata moja la Kiswahili. Muuzaji alinifungia boksi, akapokea hela, basi. Nami kwa haraka zangu nikamwambia mama, "Hii ni presha ya juu, hii ya chini." Wiki ya pili nakuta vidonge vyake vimebaki kwenye pakiti. Namuuliza, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, si wewe uliyesema presha yangu ya chini? Nimeze dawa ya kuishusha tena, nianguke?" Nikampima pale pale: 168 kwa 84. Mikono ilinitetemeka.

Kwa hiyo ukinunua mashine hii, mweleze mzee wako kabla hujamfunga mkanda. Kila mtu ana namba mbili. Ya juu (SYS), madaktari wanaiita sistoli, ni msukumo wa damu moyo unapokaza. Ya chini (DIA), diastoli, ni pale moyo unapolegea kujaa damu tena. Presha ya kupanda ni ugonjwa: namba ya juu ikirudia kusoma 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, daktari ahusike. Uzeeni mishipa inakakamaa, ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu inapaa peke yake huku ya chini imetulia, kama ilivyokuwa kwa mama. PUL ni mapigo ya moyo kwa dakika. Na presha ya macho ni jambo jingine kabisa, iko ndani ya jicho na ina kipimo chake. Jirani yetu alikuja na kiti chake tumpime macho, ikabidi nimwelekeze kliniki ya macho.

Faida kubwa tuliipata kwenye presha ya kushuka, yaani presha inapopungua kupita kiasi, ambayo si ile namba ya chini. Mama alikuwa anapata kizunguzungu akiamka usiku kwenda msalani, nasi tukasema ni uzee. Nesi akatufundisha: mpime akiwa amelala, kisha asimame, umpime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwambie daktari. Ya mama ilitoka 146 ikaja 121. Daktari akapanga upya dawa zake, na sasa mama anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, ndipo anainuka. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, nyumba nzima inalala naye kitandani. Kwa hilo tu hela yangu imerudi.

Kabla ya kupima, mzee apumzike dakika tano, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na asiongee. Hilo la mwisho kwa mama ni kazi kweli.

Ninacholalamikia ni mkanda. Uliokuja na mashine ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32, wa mama ni 36, na mkanda mdogo unapandisha namba kuliko ukweli. Dukani hakuna aliyeniuliza. Mkubwa nimeununua peke yake kwa shilingi 30,000, na ndio tunaotumia. Ukienda kununua, mpime mzee mkono kwanza kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, uende na namba hiyo dukani.