WhatsApp, Telegram au Signal: ipi inafaa kwa ubishi wa siasa na watu usiowajua, hapa Goma?

Ubishi wa siasa Goma una viwanja viwili. Kimoja ni kando ya barabara, kwa wale tunaowaita kwa Kifaransa chetu parlementaires debout: watu kumi, gazeti moja, kila mtu waziri. Cha pili ni simu. Ukali wa maneno ni uleule. Ila barabarani mtu akienda zake amebeba kumbukumbu tu, na kwenye simu anaondoka na namba yako, picha yako, na kila sentensi uliyoandika ikiwa na saa na dakika.

Kwa hiyo hapa hatupimi uzuri wa programu. Tunauliza jambo moja: ukiingia kwenye kundi la watu mia tatu usiowajua, ukasema unachofikiri kuhusu serikali, vita au bei ya mega za intaneti, hao mia tatu wanapata nini juu yako? Wengi hujibu haraka kwamba ujumbe umefumbwa, basi hakuna shida. Usimbaji fiche, yaani huko kuufumba ujumbe, unamzuia anayesikiliza njiani. Haumzuii mwanakundi mwenzako, maana kwake ujumbe umefika kihalali kabisa, umefumbuliwa, unasomeka. Na katika ubishi na wageni, anayekuuza mara nyingi yumo ndani ya kundi.

Tuanze na WhatsApp kwa sababu watu wote wako huko. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake wote umefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani unafumbuliwa kwenye simu za wanaozungumza tu, kwa itifaki ileile iliyotengenezwa na watu wa Signal, na upande huo haina aibu. Aibu yake ni namba. Kwenye kundi la kawaida kila mwanakundi anaiona namba yako nzima, na kundi linaweza kufika watu 1,024.

Kwa mtu wa Goma, namba inasema mengi kabla ya hoja. Mji umegusana na Gisenyi ya Rwanda, na watu wengi wana laini mbili kwa sababu za kawaida tu: biashara, ndugu, mtandao wa upande mmoja ukizima. Lakini +250, namba za Rwanda, ikionekana mbele ya jina, mtu anaitwa mpelelezi kabla sentensi yake ya pili haijasomwa. Bukavu ni hivyohivyo, na Rusizi ya Rwanda ikiwa ng'ambo tu. Kuna kibaya zaidi. Huduma za pesa kwa simu mara nyingi huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha kutuma. Mgeni anaandika namba yako kana kwamba anakutumia faranga 500, anasoma jina lako kamili kama ulivyoliandikisha kwa kitambulisho, halafu anaghairi. Haijamgharimu kitu. Jina la utani uliloweka kwenye WhatsApp halikusaidii hapo.

Cha pili kinachowatoka watu ni kitufe cha kuhamisha mazungumzo. Mwanakundi yeyote anaweza kuligeuza kundi zima faili moja la maandishi, tarehe na majina au namba zikiwamo, akalituma kwa barua pepe. Tangu Aprili 2025 kuna mpangilio wa faragha ya ziada ndani ya kila mazungumzo unaozima uhamishaji huo pamoja na upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Uwasheni. Hauzuii capture, yaani picha ya skrini, lakini kupiga capture 900 ni kazi, kuhamisha faili ni sekunde tatu.

Na "futa kwa wote"? WhatsApp inakupa siku mbili na saa kumi na mbili hivi kufuta ulichotuma. Inafanya kazi kwa mwenye WhatsApp halisi. Mwenye GBWhatsApp, WhatsApp isiyo rasmi ya kupitishana kwa faili la APK, anaendelea kuusoma ujumbe uliofutwa, kwani ndiyo sababu wengine huiweka. Katika kundi la mia tatu, hesabu kwamba yuko angalau mmoja. Wewe mwenyewe usiiweke: hujui aliyeijenga ameongeza nini humo ndani, na WhatsApp hufungia akaunti zinazoitumia.

Ukilazimika kubaki WhatsApp, mambo haya hayana mjadala. Ingia Confidentialité (faragha), kisha Groupes (makundi), chagua Mes contacts (anwani zangu), ili mgeni asikutupe kwenye kundi usilolijua. Picha ya wasifu, hali, na mara ya mwisho kuonekana ziwe hivyohivyo. Washa PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili. Hii PIN ni muhimu kwetu kuliko kwingine, kwa sababu laini zinatupwa ovyo: namba ikikaa muda bila kutumika, kampuni humpa mteja mwingine, na mteja huyo akiandikisha WhatsApp anaweza kuingia kwenye akaunti yako. PIN ikiwepo na asiijue, atasubiri siku saba. Halafu kila wiki fungua Appareils connectés (vifaa vilivyounganishwa). Ukiona kompyuta usiyoijua, itoe. Aliyeshika simu yako dakika moja anaweza kuwa aliiunganisha, na tangu siku hiyo anasoma pamoja nawe.

Kwa ubishi na watu usiowajua, WhatsApp tunaipa 4 kwa 10. Kwa ubishi na shemeji zako ingepata 8.

Telegram ni kinyume chake. Namba inaweza kufichwa, jina la mtumiaji linatosha, na kundi linabeba hadi watu 200,000. Ndiyo maana mijadala mikubwa inapenda kwenda huko. Lakini watu wamejazwa uongo mmoja: kwamba Telegram imefumbwa kuliko WhatsApp. Si kweli. Makundi ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hayana pia. Yamekaa kwenye seva za kampuni, na funguo inazo yenyewe. Mazungumzo ya siri yapo, ila ni ya watu wawili tu, na lazima uyafungue mwenyewe. Pavel Durov, mwanzilishi na mkuu wa Telegram, alikamatwa karibu na Paris mwezi Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikabadili masharti yake: mamlaka ikileta ombi halali la kisheria, inaweza kupewa namba ya simu na anwani ya IP ya mtumiaji.

Hata kuficha namba kuna mtego. Chini ya Numéro de téléphone (namba ya simu) kuna maswali mawili, na watu hujibu moja. La kwanza ni nani anaiona namba yako: weka Personne (hakuna mtu). La pili linajitokeza chini yake: nani anaweza kukupata kwa namba. Ukiliacha wazi, mtu anaingiza orodha ya namba elfu moja kwenye simu yake kama anwani, na Telegram inamwonyesha akaunti zinazolingana nazo. Huko Hong Kong, wakati wa maandamano ya 2019, udhaifu huu ndio uliowashtua watu mpaka kampuni ikaongeza mpangilio huo. Uufunge, zima na usawazishaji wa anwani, na uweke nenosiri la hatua ya pili. 5 kwa 10, na hiyo 5 ni kwa yule aliyebadili mipangilio.

Signal ndiyo tunayoipendekeza, pamoja na kero zake. Bado inataka namba ya simu wakati wa kujiandikisha, lakini tangu Februari 2024 wanakundi hawaioni namba hiyo. Wanaona jina la wasifu unaloandika wewe. Jina la mtumiaji, linaloishia na tarakimu mbili au zaidi, ni la kumpa mtu akupate tu; haliwekwi mbele ya kundi. Hapa pia kuna swali la pili la kujibu. Swichi ya nani akupate kwa namba inakuja ikiwa wazi kwa wote, na aliyeihifadhi namba yako, kama naye yumo Signal, anaweza kujua kwamba umejiunga. Bosi wako, jirani, mtu mliyegombana mwaka juzi. Iweke Personne wakati uleule wa kuandikisha, si kesho yake.

Kuhusu kile ambacho kampuni inaweza kutoa, Signal ina ushahidi wa mahakamani. Mwaka 2016 iliamriwa na jopo la mahakama huko Virginia, Marekani, kutoa habari za mtumiaji. Ilitoa ilichokuwa nacho: siku akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho kuunganika. Majina ya makundi, orodha ya marafiki, wasifu, hakuna.

Lakini kilichotupendeza zaidi kwa wabishi ni kidogo mno, na wengi hawakioni: historia ya uhariri. Katika ubishi kuna tabia ya mtu kuandika upuuzi, kujibiwa, kisha kurudi kuusahihisha ili aliyejibu aonekane mwendawazimu. WhatsApp inampa dakika 15 za kuhariri, inaandika kwamba ujumbe umehaririwa, ila ya mwanzo hairudi. Telegram inampa saa 48. Signal inampa saa 24, lakini mtu yeyote akibonyeza alama ya uhariri anayasoma matoleo yote yaliyotangulia. Ugomvi wa "sikusema hivyo" unakwisha hapo.

Kero zake sasa. Watu ni wachache: ukimwambia mtu wa mtaa wa Birere aje Signal, atakuuliza kama ni kampuni ya gesi. Kundi linakomea watu 1,000. Vifurushi vya mega vya mitandao ya kijamii mara nyingi vinataja WhatsApp na Facebook. Kama Signal haimo, kila picha inakula mega za kawaida, basi zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kabla ya kuingia kundi lenye kelele. Na ukipoteza simu bila chelezo, yaani nakala ya akiba, mazungumzo yamekwenda. Kwa Android, chelezo ya ndani ya simu inafunguliwa kwa msimbo mrefu unaopewa unapoiwasha. Uandike kwenye karatasi, kwa sababu hakuna ofisi ya kuudai. 7 kwa 10.

Programu zote tatu zinashindwa pamoja mbele ya capture. Hakuna inayomzuia mwanakundi kabisa: hata Telegram, inayomruhusu mwenye kundi kuzuia capture, haizuii skrini kupigwa picha kwa simu nyingine, na ujumbe wa kujifuta wenyewe hauifuti picha hiyo. Capture yenyewe pia si ushahidi, jambo ambalo makundi yetu yanalisahau kila siku. Jina linaloonekana juu ya mazungumzo ya WhatsApp ni lile ambalo mwenye simu amelihifadhi. Mtu anamwandika binamu yake "Gouverneur", anamwomba amtumie mistari mitatu, anapiga picha, na jioni mji mzima unaisoma.

"Papa, hiyo capture umeitoa wapi?"

"Iko inatembea, ndugu."

Jibu hilo lina bei. Kanuni ya kidijitali ya Kongo, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360 inamwadhibu anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa mitandao ya kijamii: kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au moja ya hizo. Angalia neno "kupitisha". Kusema nimeipata tu, sikuiandika mimi, hakukutoi. Na tangu wapiganaji wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, swali la nani anaweza kukuomba ufungue simu lina majibu zaidi ya moja. Simu iliyofunguliwa mkononi mwa mwingine haina usimbaji. Muda wa kujifuta ndio unaosaidia hapo: wiki moja kwa kundi la siasa si fupi.

Kwenye WhatsApp tazama mishale miwili juu ya ujumbe. Maana yake umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 huwezi kuupitisha ila kwenye mazungumzo moja kwa mara moja. Ukitaka kuthibitisha tangazo, uliza nani alilitoa wa kwanza na wapi, usiulize nani mwingine analo.

Picha za ushahidi nazo zinasaliti. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp huondoa maelezo ya mahali ilipopigwa. Ukiituma kama faili ili isipungue ubora, maelezo hayo hubaki, na Telegram ni vilevile. Hata yakiondolewa, ukuta wa mawe meusi ya volkano na kilele cha Nyiragongo nyuma ya paa vinamtosha mwenyeji kusema ni mtaa gani.

VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mtu mwingine? Inasaidia tovuti moja ikifungwa. Mtandao wote ukikatwa, kama ilivyokuwa tangu tarehe 31 Desemba 2018 hadi karibu tarehe 20 Januari 2019 baada ya uchaguzi, VPN ni picha tu kwenye skrini. Na VPN ya bure usiyoijua mwenyewe ni kumhamishia mtu mwingine kazi ya kukutazama.

Kabla ya kutuma neno la kwanza kwenye kundi jipya, mwombe mtu mmoja unayemwamini aingie kwa simu isiyo na namba yako, abonyeze jina lako, akusomee anachokiona. Kwenye WhatsApp atakusomea +243 na kila tarakimu inayofuata, na hakuna la kufanya. Kwenye Telegram au Signal, akizisoma, kuna swichi umeisahau.