Minimaket ya Tabata wanaojali tarehe za bidhaa

Wakazi wa Tabata upande wa Segerea, kuna minimaket moja ndogo ipo chini ya ghorofa, wengi tunaipita tukienda supamaketi kubwa, mi nawaambia ingieni hapo hasa kwa vitu vya friji. Sababu yangu ni tarehe.

Juzi nachukua maziwa fresh ya pakiti, dada wa kaunta kayageuza akaniambia "Anti, hii mwisho wake kesho, kama hunywi leo nikupe ingine." Mzigo mpya wanaupanga nyuma, wa zamani unakaa mbele, na vilivyobakiza siku chache vina shelfu yake karibu na mlango, bei imeshushwa na tarehe imeandikwa kwa maka peni kubwa kabisa mtu asiseme hakuona. Mtindi wa pale nilichukua nusu bei tukala jioni ile ile, mzuri tu.

Na wanajua wanachosoma. Ikiandikwa "best before" hapo wanaongelea ubora, kama biskuti au tambi, ladha inaweza kupungua, ila "use by" ni usalama, mambo ya nyama na maziwa. Uingereza kuuza kilichopita "use by" ni kosa, ila cha "best before" duka linaruhusiwa kama chakula bado kizima. Ila muuzaji wa huku asijifiche kwenye hilo jamani, TBS, shirika la viwango, ndo wana dhamana ya chakula tangu 2019 walipokabidhiwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na wakikuta mzigo umeisha muda wanauondoa na kuuteketeza, hasara yako.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ni friji. Watu tunaangalia tarehe tu tunasahau kwamba kiwanda kimeipiga kwa hesabu kwamba maziwa yatakaa kwenye ubaridi muda wote, soma pakiti utaona wameandika. Duka jingine nililokuwa nanunua walikuwa wanazima friji usiku kuokoa luku, asubuhi wanawasha, unabeba maziwa tarehe bado kabisa, ukiyachemsha yanakatika, na mwenye duka anakuonyesha tarehe anakwambia mbona haijafika! Hapa kuna kipimajoto ndani ya mlango wa kioo, mteja unakiona mwenyewe, kila nikichungulia kipo nyuzi 4 au chini.

Vitu vya Marekani navyo wamevifikiria, maana wale mwezi unatangulia, 05/08/26 ni Mei siyo Agosti, kwa hiyo wamebandika kikaratasi kwenye shelfu kueleza na tarehe ya kiwanda hawajaigusa. Popote ukikuta stika imekaa juu ya tarehe ya kiwanda au namba zimekwanguliwa, rudisha shelfuni, usibishane.

Kasoro ipo, na siyo ndogo. Karanga, krispi za ndizi na unga wa lishe wanafunga wenyewe kwenye vifuko na havina tarehe yoyote, hata ya siku waliyofunga. Unga wa lishe una karanga ndani, ukikaa sana unachacha na unaweza kuota fangasi, na anayekula ni mtoto. Nimemwambia mwenye duka akasema ataleta mashine ya stika, sijaiona bado. Peni na karatasi zingetosha kwa sasa.

Maziwa, mtindi, soseji, mkate, nanunua hapo bila wasiwasi. Unga wa lishe nasaga mwenyewe mpaka waandike tarehe.