DokuWiki hapa Kondele, Kisumu: miezi nane na mafundi wa simu

Wacha nianze na grupu yetu ya WhatsApp juu ndio ilitufikisha huku. Tuko mafundi wa simu kumi na saba hivi, wengi Kondele, wachache Kibuye, na kwa miaka hiyo grupu ndio ilikuwa shule yetu. Mtu anapiga picha ya bodi anauliza "wakuu hii inakula chaji ikiwa imezimwa, nicheki wapi", anajibiwa na watu wanne ndani ya dakika tano, anatuma ile mikono ya asante, maisha yanaendelea. Wiki mbili baadaye mwingine anauliza swali lilelile neno kwa neno. Jibu liko huko juu, katikati ya matanga mawili, mchango wa harusi na video ya mtu ameanguka na boda, na kijana aliyeongezwa jana hata kulitafuta hawezi, kwake grupu imezaliwa siku aliyoingia.

Nikasema lazima kuna kitu bora kuliko hii.

Nilianza na Moodle, programu ya kuendeshea masomo kwa kompyuta, juu ndio nilikuwa naijua kutoka chuo. Ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, ni ya bure kabisa, na ndani ina kila kitu, mitihani hadi majadiliano. Sina neno mbaya nayo, ukiwa na darasa na mwalimu na silabasi ichukue tu. Lakini sisi mwalimu ni nani? Niliandikisha watu wote kama wanafunzi, mimi mwenye pasiwodi nikawa mwalimu, na mzee wetu ambaye alishika bloa (ile mashine ya hewa moto ya kutolea vipuri kwa bodi) mimi nikiwa bado darasa la tatu akaangalia jina lake akaniuliza pole pole tu, "sasa fundi, wewe utanifunza nini?" Nikafunga laptopu.

Ndio nikapata DokuWiki, programu ya kutengeneza tovuti ambayo kila msomaji anaweza kuandika na kurekebisha. Iliandikwa na Mjerumani anaitwa Andreas Gohr mwaka 2004, nayo pia ni ya bure, na kitu kilinivuta ni kwamba haihitaji databesi. Kila ukurasa ni faili ya maandishi ya kawaida imekaa kwa folda, unaweza kuifungua na programu yoyote ile ya kuandikia. Nikaiweka kwa laptopu nzee ya RAM 4GB ambayo betri yake ilishakufa, nikaunganisha na rauta isiyo na intaneti yoyote, sasa fundi akiingia kwa wai-fai yangu anaandika zile namba za 192.168, yaani anwani ya laptopu, kwa simu yake na yuko ndani, bila bando hata ya shilingi tano.

Siku ya kwanza nikitangaza kwa grupu kwamba tuna wiki, fundi mmoja akajibu "sawa, tunaandika kila wiki ama mara moja kwa wiki?" Ikabidi nieleze kwamba hii si ile ya siku saba, ni neno la Hawaii, wiki wiki maana yake haraka haraka, Mmarekani Ward Cunningham ndio alilichukua kutoka kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu akaipa tovuti yake ya 1995 ambayo kila msomaji angeweza kuihariri. Hakuna mwenye alijali. Mpaka leo wanaiita daftari, na mimi pia nimezoea.

Sasa mwezi wa kwanza daftari ilikuwa grupu tu iliyobadilisha nguo. Watu waliandika majibu makavu, "badilisha IC ya chaji" (ile chipu inayosimamia kuchaji), kwisha. Kilichobadilisha mambo hakikutoka hata kwa DokuWiki, kilitoka kwa jirani yangu mwalimu wa primari ambaye anaendelea na masomo. Aliniambia kuna watafiti wawili wa Canada, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, ambao kutoka miaka ya 1980 walikuwa wanatengeneza programu ya watoto wa shule kujenga maarifa pamoja, iliitwa CSILE na baadaye ikawa Knowledge Forum, na ndani yake mtoto haandiki tu, anachagua kwanza kitambulisho cha anachotaka kusema: nadharia yangu ni hii, nahitaji kuelewa hiki, hii nadharia haielezi kile. Nikasikia nywele zimesimama. Nikarudi nikatengeneza ukurasa wa mfano wenye vichwa vinne tu, Nadhani, Nataka kuelewa, Hii haielezi, na Nimepata jipya, nikaambia watu kuanzia leo hakuna kuandika jibu bila kichwa.

Walilalamika wiki mzima (ya siku saba). Halafu ikaja ile simu.

Ukiichomeka inaonyesha alama ya chaji, unangoja lisaa, asilimia iko palepale 14. Ukurasa wake uko hivi. Wa kwanza: Nadhani ni IC ya chaji. Wa pili akabadilisha IC, akarudi akaandika Hii haielezi, IC ni mpya na tatizo ni lilelile. Wa tatu: Nadhani ni betri. Jioni hiyohiyo yeye mwenyewe akajiandikia Hii haielezi, nimeweka betri ya simu nyingine nzima na bado. Hapo kwa WhatsApp tungekuwa tumemwambia mteja bodi imekufa. Lakini kijana anayejifunza kwa kaunta ya mzee, ambaye kwa grupu huwa hasemi kitu, akaandika chini ya Nataka kuelewa: "simu inajuaje betri imepata joto?"

Ilikaa siku mbili bila kujibiwa. Mzee ndio alijibu, yeye haandiki, anaongea na huyo kijana anapiga taipu. Betri huwa na laini ya joto, ndani kuna kitu ambacho ohm zake (kipimo cha vile kinazuia umeme) zinapanda kukiwa na baridi na kushuka kukiwa na joto, betri nyingi ukipima hiyo laini kukiwa na joto la kawaida unapata kilo-ohm 10 hivi. Wakapima upande wa bodi, laini imeliwa na ile kutu ya kijani, simu iliwahi kuingia maji. Laini ikikatika ohm zinakuwa kubwa mno, na kwa simu hiyo maana yake ni baridi kali, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa kukiwa chini ya sifuri, kwa hivyo simu inakataa chaji ikijilinda. Yaani iko Kondele saa nane mchana, jasho linatutoka hadi kwa kope, yenyewe inaamini iko kileleni Mlima Kenya! Jampa moja ya waya nyembamba kama unywele, ikaanza kupanda, 15, 16.

Tangu hiyo siku sijaulizwa tena vichwa ni vya nini. Na ile IC iliyobadilishwa bure bado imeandikwa pale juu, hatukuifuta, ndio sehemu yenye inasomwa zaidi na vijana wapya.

Ubaya uko, tena wa kutosha. Kuandika kwa simu ni kazi, kichwa kikubwa kinataka alama sita za = kila upande, na kwa kibodi ya simu hiyo alama imejificha ukurasa wa pili wa vialama, kuna mtu aliacha kabisa juu ya hiyo. Picha ndio zilinitesa, PHP, ile lugha DokuWiki imeandikwa nayo, ikiwa vile inakuja haipokei faili ya kuzidi 2MB, na picha ya bodi kutoka kwa simu za sahii inapita hapo, nikakaa usiku mbili kabla sijajua ni laini moja tu ya kubadilisha kwa php.ini, faili ya mipangilio yake. Halafu ukifungua ukurasa kuuhariri unafungwa kwa wengine hadi dakika 15, ni jambo nzuri watu wasiandikiane juu, lakini fundi wetu mmoja ana tabia ya kufungua, mteja anakuja, anasahau, tunabaki kumpigia simu "omera toka huko." Stima ikienda nayo laptopu inazima papo hapo, ingawa mara nyingi ukirudi inakuuliza kama unataka rasimu yako.

Bakap nampa tano kwa tano, Ijumaa nanakili folda kwa fleshi naenda nayo nyumbani. Na matoleo ya zamani ya kila ukurasa yanabaki, mtu akiharibu unarudisha.

Wale wa Kibuye kusema ukweli hawajafaidika, wai-fai yangu haifiki huko, wanangoja wakipita dukani. Kuiweka kwa intaneti naweza, lakini hapo nitalipia kila mwezi na bado hatujakubaliana nani anatoa. Mpaka hilo liishe naipa 8 kwa 10, na ungeniuliza bila vile vichwa vinne ningeipa 5.

Kuna ukurasa uko wazi tangu mwezi wa tatu, simu ya mama wa mboga inayozima ikiingia mfukoni. Nadhani ziko sita sasa. Mimi nilishasema ni kitufe kinabonyezwa na kitambaa, nikajiamini kabisa. Jumanne yule kijana ameandika chini yangu: Hii haielezi, jana imezima ikiwa juu ya meza.